Matema: Vuka Mchanga, Nenda Kwenye Mawe

Wageni wengi wanaofika Matema huishia mchangani. Wanashuka garini, wanaona ufukwe mpana, miembe, maji yaliyotulia na Milima ya Livingstone imesimama wima upande wa mashariki. Wanapiga picha, wanaagiza soda, na kesho yake wanarudi Mbeya wakisimulia kwamba wameliona Ziwa Nyasa. Wameliona nusu. Mwongozo huu ni wa yule aliye tayari kutembea kama kilomita mbili zaidi hadi kijiji cha Lyulilo, mahali ambapo mlima unaingia ziwani na mchanga unakoma, halafu aendelee na mwambao wa mawe unaoelekea Ikombe.

Nikuonye mapema: huko si pa kutandaza kanga na kujilaza. Mawe yanateleza asubuhi, yanachoma mchana, na hakuna muuza chipsi. Ila maji yake ni maangavu kuliko ya mchangani, samaki wa rangi wanaosifiwa dunia nzima wanaishi pale pale miguuni pako, na ukienda mbele zaidi unakutana na wafinyanzi wa Kikisi wakiwa kazini. Kwa maoni yangu huo ndio upande bora wa Matema. Unachohitaji ni viatu vinavyofaa, kujua saa nzuri ya kwenda, na kutokuwa na haraka.

Njia ya kufika

Njia ya kawaida huanzia Mbeya mjini, stendi ya Nane Nane, ambako Kosta za Tukuyu na Kyela hujaa na kuondoka tangu alfajiri. Mji wa Tukuyu uko kilomita 70 hivi kutoka Mbeya, katikati ya chai na migomba, na baada ya hapo barabara inateremka moja kwa moja hadi tambarare ya Kyela. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Uso wa ziwa uko chini kidogo ya mita 500. Tofauti hiyo utaiona kwenye mwili wako mwenyewe: sweta ulilolivaa stendi utalivua ukishaipita Tukuyu, na ukifika Ipinda utalisahau kabisa. Usiliache nyumbani hata hivyo, maana safari ya kurudi inapanda.

Njia ya kwenda Matema inachepuka kutoka barabara kuu pale Kikusya na kupitia Ipinda, kilomita 39 hivi, na sasa ina lami. Waulize makondakta mapema kama gari linafika Matema kwenyewe au linaishia Ipinda au Kyela. Likiishia njiani, kuna bajaji na bodaboda. Chukua fedha taslimu ukiwa Tukuyu au Kyela, kwa sababu mwenye mtumbwi na mama wa vyungu hawatakuwa na mashine ya kadi. Mwenye gari lake na muda wa kutosha anaweza kushika njia ya zamani ya Masoko, kuna ziwa dogo la kreta na jengo la enzi ya Wajerumani pembeni yake, lakini hiyo ni safari nyingine.

Malazi yapo ya aina mbalimbali ufukweni, yakiwemo ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambalo pia lina hospitali hapo Matema. Iandike hospitali hiyo kwenye kumbukumbu zako. Mtu akiteguka mguu kwenye mawe ndiko atakakopelekwa. Chakula kisikutie shaka. Huku ndiko unakotoka mchele wa Kyela, ule ambao wafanyabiashara wa Dar es Salaam huuchanganya na mwingine kisha wakauuza kwa jina lake. Ule huku ungali na harufu yake, pamoja na samaki wa siku hiyo. Ukiambiwa leo kuna mbasa, usiulize kuna nini kingine.

Kwa nini upande mmoja mchanga, mwingine mawe

Inafaa kulijua hili kabla ya kuweka mguu, kwa sababu litakusaidia kuchagua pa kuoga. Mito mikubwa inayoingia kaskazini mwa ziwa, kama Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inapita kwanza kwenye tambarare ya Kyela. Kwenye tambarare maji yanapunguza mwendo, yanaacha mawe njiani na kufikisha ziwani mchanga na tope. Hapo ndipo fukwe laini zinapozaliwa. Upande wa mashariki hakuna tambarare. Ziwa hili limo ndani ya Bonde la Ufa, na Milima ya Livingstone ni ukingo wa ufa wenyewe: imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mguu wake umo majini. Vijito vya huko ni vifupi na vina mteremko mkali. Masika vinashusha mawe kutoka juu na kuyatupa ziwani bila kuyachuja. Mawimbi yanamalizia kazi, yanayasugua moja kwa jingine mpaka yanakuwa ya mviringo.

Na mawimbi ya hapo yana nguvu. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini. Upepo wa mwera, unaovuma kutoka kusini hasa kati ya Mei na Agosti, unasukuma maji urefu huo wote bila kizuizi, na mwisho wa safari ya maji hayo ni hapa. Siku ya mwera utalisikia ziwa kabla hujaliona: kila wimbi linaporudi linaburuta mawe, na mawe yanagongana.

Ukiokota jiwe la Lyulilo utaona mara nyingi lina mistari ya nyeusi na nyeupe. Ni miamba ya kale mno iliyokandamizwa na kuchomwa ndani ya ardhi mpaka madini yake yakajipanga tabaka kwa tabaka. Wanajiolojia huiita gneisi. Liangalie, lipige picha, kisha lirudishe. Uzito wake utaujutia ukifika Uyole, mlangoni mwa Mbeya mjini.

Mambo mawili yanafuata kutokana na maelezo haya. La kwanza, mteremko unaouona juu ya maji unaendelea chini ya maji. Kina cha ziwa hili kinafika mita 700, na upande wa milima hakuna ile nafasi ndefu ya maji ya goti unayoikuta mchangani. Hatua chache za mawe, kisha huna pa kukanyaga. La pili, midomo ya mito mikubwa iko upande wa pili, magharibi. Mamba na viboko wa Matema wanajulikana kwa kukaa kule, hasa kwenye mdomo wa Lufilyo. Vijana huwapeleka wageni kwa mtumbwi kwenda kuwatazama. Kuwatazama sawa, kuoga kule hapana. Hata upande wa mawe usioge mahali ambapo hujawaona wenyeji wakioga. Waulize. Watu wa ziwa hawafichi habari ya mamba.

Mwezi gani, saa ngapi

Wilaya ya Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na mwezi mbaya kuliko yote ni Aprili. Njoo wakati huo kama unapenda mawingu yakikaa mlimani na vijito vikianguka kila kona, lakini mwambao wa mawe uache. Mawe yanaporomoka kutoka juu, korongo kavu linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani ambayo wewe hukuiona, na usawa wa ziwa unakuwa umepanda. Ziwa hili halina kupwa na kujaa kwa siku kama bahari, lakini lina msimu wake: hupanda kwa mvua hadi karibu na Mei na kushuka hadi kuelekea Novemba, tofauti ya kama mita moja. Mita moja ni kubwa kwenye ukanda mwembamba wa mawe. Mahali unapotembea kwa raha mwezi Oktoba, mwezi Mei pana samaki.

Juni hadi Agosti ni kavu na hewa ni nzuri, ila ndiyo miezi ya mwera. Siku moja ziwa ni shwari, siku inayofuata mitumbwi yote imevutwa juu. Mimi ningechagua Septemba na Oktoba. Maji yamepungua, upepo umetulia, njia ni pana. Joto ni kali, hilo silifichi.

Saa ya kwenda inategemea jambo ambalo wageni hawalitarajii: mlima uko mashariki, kwa hiyo jua linachelewa. Kule mchangani kumeshapambazuka vizuri, lakini chini ya mlima bado kuna kivuli, mawe ni baridi na maji kwa kawaida yametulia. Hizo ndizo saa zako. Anza kutembea saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Kufikia saa tano jua limeruka mgongo wa mlima na mawe yameanza kupokea moto; saa nane mchana hutayakanyaga bila viatu, na hakuna mti wa kujificha. Jioni mambo yanageuka. Jua linazama upande wa pili wa maji, mbele yako, na mawe yaliyoshiba joto yanakuwa mahali pazuri pa kukaa. Ukienda jioni chukua tochi hata kama hukusudii kuchelewa. Giza likiingia kwenye mawe, mwendo wa dakika kumi unakuwa wa saa.

Viatu, mwendo, na kuingia majini

Kandambili ziache chumbani. Zikilowa zinateleza, na wimbi dogo linatosha kukuvua moja na kwenda nayo. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma ni bora, na raba kuukuu za kufunga kamba ni bora zaidi, zile ambazo hutasikitika zikichakaa. Nenda nazo mpaka ndani ya maji. Kuna watu wanaoona aibu kuoga na viatu. Waache na aibu yao na vidole vyao vilivyochubuka.

Kwenye kutembea, jifunze rangi. Jiwe la kijivu lililokauka lina mshiko. Jiwe lililolowa na kuwa jeusi si la kuaminiwa, na lenye utando wa kijani limeshakuangusha kabla hujaamua. Kanyaga katikati ya mawe mawili pale inapowezekana kuliko juu ya jiwe moja. Mzigo wote uwe mgongoni, mikono iwe huru, simu iwe ndani ya begi. Wanaoanguka kwenye mawe haya ni wale wanaotembea huku wakipiga picha. Simama kwanza, piga, weka simu, ndipo uendelee.

Pa kuingilia majini pachaguliwe. Tafuta mahali ambapo mawe ni madogo kuliko ngumi, mara nyingi ni karibu na pale kijito kinapoingia ziwani wakati wa kiangazi. Mawe ya ukubwa wa kichwa yanayumba na kubana kifundo cha mguu. Kabla ya kuingia, kaa kitako na uyaangalie mawimbi kwa muda. Mara kwa mara linakuja kubwa kuliko wenzake, na ni vizuri ulione kutoka nchi kavu. Kisha ingia umekaa, kwa makalio na mikono, mpaka maji yakubebe. Inachekesha, lakini hakuna njia salama zaidi. Kutoka, ogelea mpaka tumbo likaribie kugusa mawe, subiri wimbi lipite, toka kwa miguu minne. Usipige mbizi kwa kichwa popote. Maji haya ni maangavu kiasi kwamba ni vigumu kukadiria jiwe liko kina gani.

Asiyejua kuogelea asidanganywe na utulivu wa asubuhi. Abaki pale anapoweza kushika jiwe, na awe na mwenzake anayeogelea. Watoto wadogo wana raha zaidi mchangani, na wazazi pia. Siku ya mwera usiingie kabisa: wimbi la mchangani linakugaragaza, wimbi la hapa linakubamiza.

Samaki wa kwenye miamba

Chukua miwani ya kuogelea. Kama una ile yenye bomba la kupumulia, nzuri zaidi, lakini ile ya kawaida inayouzwa mjini inatosha. Bila miwani umekosa sehemu kubwa ya safari.

Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Wanasayansi wanahesabu mamia ya aina, na wengi wao hawapatikani popote nje ya ziwa hili. Kundi linaloitwa mbuna linaishi kwenye miamba tu, kwa kuwa chakula chao ni ule ule utando wa kijani uliotaka kukuangusha. Wapo wa buluu, wa njano, wenye milia, wengine dume rangi yake na jike yake. Mbuna hapendi kuvuka mchanga mtupu. Kwake, mita mia kadhaa za mchanga ni nchi ya kigeni. Kwa sababu hiyo rundo moja la mawe linaweza kuwa na samaki ambao rundo la jirani halina, na kwa sababu hiyo pia hutawaona mbele ya hoteli yako hata ukae mwezi.

Huhitaji kwenda mbali wala chini. Elea tu juu ya maji ya kiuno, uso ukiwa chini, tulia mpaka waache kukuogopa. Mtazame anayekwangua jiwe kwa midomo. Ukimwona samaki ambaye taya lake la chini limevimba na hali chochote, huenda ni jike aliyebeba mayai mdomoni. Mbuna hulea hivyo, mayai na vifaranga vikikaa kinywani mwa mama, naye akishinda na njaa kwa majuma. Usimfukuze, maana akitishwa anaweza kuyatema. Usigeuze mawe ili kuona kilicho chini yake, na usitupe makombo ya mkate.

Wavuvi watakaokupita hawamfuati mbuna. Wanatafuta usipa, dagaa wa ziwa hili, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Taa hizo utaziona usiku kutoka ufukweni, mstari mrefu katikati ya giza. Siku nyingine utaona kitu kama moshi mweusi kimesimama juu ya maji. Ni vijidudu vya ziwa, mamilioni, wametoka majini kwa pamoja. Upepo ukiwaleta nchi kavu funga mdomo na madirisha, ingawa kuna watu kandokando ya ziwa hili wanaowakusanya, kuwakanda na kuwapika, na hawaombi radhi.

Kwenda Ikombe

Kutoka Lyulilo kuna njia mbili za kwenda Ikombe: kwa miguu kwenye kijia kinachopanda na kushuka kwenye magenge, au kwa mtumbwi. Kwa miguu tenga asubuhi nzima kwa kwenda na kupumzika, beba maji ya kunywa, na uende na kijana wa kijijini anayejua mahali kijia kinapopotea. Pita kwanza kwa uongozi wa kijiji, jitambulishe, sema unakwenda wapi. Bei ya kuongozwa ikubaliwe kabla ya kuondoka, mbele ya mtu wa tatu kama inawezekana. Mimi ningeenda kwa miguu na kurudi kwa mtumbwi, kabla upepo wa mchana haujaamka. Kwenye mtumbwi dai jaketi okozi. Ukiambiwa halipo, tafuta chombo kingine. Ziwa ni refu na ratiba yako si muhimu kiasi hicho.

Salamu zikutangulie. Shikamoo kwa wazee haina mbadala, na ukiweza kutamka “mugonile” kwa watu na “ndaga fijo” wanapokusaidia, Wanyakyusa watakufurahia. Kumbuka pia kwamba ufukwe ni bafu, ni dobi, ni kisima na ni bandari ya watu hao. Ukikuta kina mama wanafua au wanaoga, usikatize katikati yao. Simama mbali, piga hodi kwa sauti, subiri uelekezwe pa kupita. Kamera ibaki begini mpaka uruhusiwe.

Wakisi ni watu wachache wanaoishi kwenye kipande hiki chembamba kati ya maji na mlima, mahali ambapo shamba la kulima ni dogo mno. Udongo wa kufinyanga na ziwa vimewalisha tangu zamani. Zamani hizo kulikuwa na biashara ya pande tatu: Wakinga wa juu milimani walishusha majembe ya chuma waliyofua, Wakisi walileta vyungu na samaki, Wanyakyusa wa tambarare walitoa chakula cha shambani. Chuma cha Wakinga kilikufa kwa ushindani wa majembe ya dukani. Vyungu vya Wakisi bado vinauzwa, hadi Mbeya, Iringa na Dar es Salaam.

Wanaofinyanga ni wanawake. Hakuna gurudumu; chungu kinainuliwa kwa mkono, kinazungushwa taratibu juu ya kigae, kinalainishwa, kinaanikwa, kinapambwa kwa udongo mwekundu na mweupe, kisha kinachomwa nje, kwenye moto wa wazi. Keti utazame. Mfinyanzi akikupa bonge la udongo ujaribu, jaribu, atacheka na utajua kwa nini bei yake ni halali. Usimpigie hesabu ya bei ya Dar es Salaam kwa kurudi nyuma. Kuomba apunguze kidogo ni desturi, kumbana ni ukosefu wa adabu.

Chungu kizuri hupimwa kwa sikio. Kishike mdomoni kwa vidole viwili, kigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole: kikilia wazi ni kizima, kikitoa sauti iliyokufa kina ufa hata kama huuoni. Kisha kiinue juani na uchungulie ndani. Safarini kifunge ndani ya kanga na ukipakate. Usikubali kondakta akiweke kwenye buti wala juu ya gari. Kati ya Ipinda na Uyole kuna matuta mengi kuliko ahadi zake. Nyumbani, kijaze maji ukilaze usiku kucha, halafu mara ya kwanza pikia uji mzito, wanga unaziba vitundu vidogo. Kile cha kuwekea maji ya kunywa usikifanyie hivyo. Kinatakiwa kitoke jasho, ndiyo maana maji yake yanapoa.

Asiyeweza kufika Ikombe asubiri Jumamosi. Ndiyo siku ya mnada wa vyungu Lyulilo, mitumbwi inafika imesheheni na bidhaa zinapangwa pale pale juu ya mawe. Fika mapema, wachuuzi wa jumla hawalali.

Kama unataka kuendelea zaidi

Mwambao huu wa milima unaendelea kusini kupitia Lupingu na Manda hadi Liuli na Mbamba Bay, na barabara za huko hazifuati maji. Meli ya MV Mbeya II, iliyojengwa kuchukua abiria 200 na mizigo tani 200, ndiyo usafiri wa kuutazama wote kutoka ziwani. Ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza bandarini na si kwenye picha ya ratiba uliyotumiwa na rafiki. Ukifika Liuli tazama miamba mikubwa iliyo majini. Wajerumani waliiona inafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri wakapaita Sphinxhafen, na tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia hapo meli yao Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza.

Kabla ya kuondoka na baada ya kurudi

Lala ndani ya chandarua, hata kama mwenye nyumba anasema msimu huu hakuna mbu. Kyela ni joto na maji, na malaria ipo. Taka zako rudi nazo hadi Matema. Kwenye mawe hakuna anayefagia, na chupa ya plastiki iliyoingia katikati ya mawe inabaki humo mpaka wimbi liikate vipande.

Kichocho ndicho kinachosahaulika. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo mwambao wa mawe unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo kuliko ghuba zenye matete, lakini ndogo si sawa na hakuna. Usioge karibu na matete wala kwenye madimbwi yaliyotenganishwa na ziwa, na ukitoka majini jifute kwa taulo papo hapo, usijikaushe kwa upepo. Usikimbilie dawa siku unayorudi nyumbani: dawa ya praziquantel inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, na kabla haijakomaa inaweza isiiguse. Hesabu wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho uliyoingia majini, ndipo uende kituo cha afya, umwambie mhudumu kwamba ulioga Ziwa Nyasa, na uombe kupimwa kichocho hata kama hujisikii vibaya.